K.K. nyuma ya picha

Boksi la kwanza nililopewa, la makaratasi ya mwanahistoria wa sanaa aliyefariki, lilikuwa la risiti. Risiti tupu, za hoteli, za teksi, za duka la kusafisha filamu, tiketi za ndege zilizokwisha kutumika, zote zimebanwa na klipu zenye kutu mpaka karatasi imeshika alama ya kahawia, na mimi nilikuwa mgeni kazini, wiki ya pili tu, nikaona hapa hakuna kitu, mtu kasoma maisha yake yote misikiti na makasri halafu mimi nikae naorodhesha alilala hoteli gani, nikaziweka pembeni kwenye rundo la kutupa nikaandika kwa penseli "risiti, hazina thamani". Kuna mama mmoja tulikuwa tunafanya naye kazi, mtu mzima, kakaa na nyaraka miaka mingi kuliko umri wangu, akapita mezani kwangu akakisoma kile kijikaratasi, hakusema kitu, akazirudisha risiti kwenye boksi lake kwa mpangilio uleule, afu ndo akaniambia usitupe kitu mpaka umefika boksi la mwisho. Maboksi yalikuwa 46. Nilikasirika kidogo, nisiwafiche.

Naandika haya kwa sababu nyumbani wananiuliza sana hivi Paris unafanya kazi gani, nikisema naorodhesha makaratasi ya wanahistoria wa sanaa kwenye databesi ya pamoja wanadhani ni kazi ya kupiga chapa, unasoma unaandika basi. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mwanahistoria wa sanaa ni mtu anayesoma michoro, sanamu, majengo, vioo vya makanisa, nakshi, na akifariki familia inaingia nyumbani kwake inakuta kila chumba kimejaa, barua, madaftari, rasimu, kadi za maelezo kwenye madroo ya viatu, picha maelfu na slaidi. Baadhi ya familia wanauza vitabu makaratasi yanaenda jalalani. Nyingine wanapiga simu maktaba. Hapa Paris utamaduni huo wa kuhifadhi upo siku nyingi, Jacques Doucet alikuwa mbunifu wa nguo za matajiri na hela yake akaitumia kujenga maktaba ya sanaa na akiolojia, 1917 akaikabidhi Chuo Kikuu cha Paris, na leo mkusanyiko ule uko chini ya taasisi ya taifa ya historia ya sanaa, INHA, kwenye ukumbi wa Labrouste wenye nguzo 16 nyembamba za chuma na kuba 9 juu, ukiingia mara ya kwanza unasahau ulifuata nini. Makaratasi ya André Chastel yako pale, yule aliyekuwa na waziri wa utamaduni Malraux walipoanzisha mwaka 1964 kazi ya kuorodhesha urithi wote wa Ufaransa, kuanzia kijiko kidogo mpaka kanisa kuu kama walivyokuwa wanasema. Mkusanyo niliofanyia kazi mimi ni wa mtu mwingine na maktaba nyingine, jina lake siliweki hapa kwa sababu ndugu zake wapo na mengi nitakayosema ni ya ndani. Itoshe kwamba alikuwa bingwa wa majengo ya Kiislamu ya Afrika Kaskazini, alifundisha mpaka miaka ya 70.

Databesi tunayotumia inaitwa Calames. Ilifunguliwa 2007, inaendeshwa na shirika la ABES lililoko Montpellier, na maktaba nyingi za vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Ufaransa zinaingiza humohumo nyaraka na miswada yao, yani mtu akitafuta jina moja anaona barua za mtu huyo zilizoko Paris na zilizoko Strasbourg na kwingineko kwa mkupuo. Kwa ndani inaandikwa kwa EAD, muundo wa tegi za XML, yani alama zinazoiambia kompyuta kila kipande cha maandishi ni nini, uliotoka rasmi 1998, na unachojenga ni mti, juu kabisa mkusanyo mzima, chini yake matawi, barua, kazi za kufundisha, safari, picha, chini ya matawi mafaili, chini ya faili kipande kimojakimoja. Ukishaandika kitu juu hakirudiwi chini, kinarithiwa. Hili lilinichukua mwezi kulielewa maana mi nilikuwa narudia jina la marehemu kila mstari, barua ya fulani kwenda kwa profesa fulani, barua ya fulani kwenda kwa profesa fulani, mara mia mbili, na nilikuwa najisikia nafanya kazi kweli.

Kilichonibadilisha ni majina. Huandiki jina tu ukaacha, unaliunganisha na faili la pamoja la majina linaitwa IdRef, kila mtu ana namba yake pale, tarehe ya kuzaliwa, kazi yake, na kuna hata namba ya kuonyesha nafasi yake kwenye barua, 070 kwa aliyeandika, 660 kwa aliyeandikiwa. Sasa siku moja nina barua tisa za mchoraji fulani, natafuta jina kwenye IdRef nakuta mtu mmoja tu, jina la kwanza sawa, la ukoo sawa, miaka inakaribiana, nikaunganisha zote tisa nikachapisha nikaenda kula. Alikuwa daktari. Mchoraji hakuwa amewahi kusajiliwa, ni mtu mwingine kabisa. Ingekuwa ni daftari langu la mezani kosa lingekaa mezani, lakini hii ni databesi ya wote, kwa hiyo ukurasa wa yule daktari ukaanza kuonyesha kwamba aliandika barua tisa kuhusu rangi za mafuta na maonyesho yake ya kuchora, na mtafiti mmoja wa historia ya tiba huko Lyon akaja na treni kuzisoma. Alikuja na treni! Nilimtolea faili mwenyewe, nikamwona anafungua barua ya kwanza, ya pili, halafu akanyanyua kichwa. Alikuwa mpole sana na hilo ndo lilinichoma zaidi. Tangu siku hiyo siunganishi jina mpaka nina vitu viwili vinavyothibitisha, saini na anwani, au mwandiko na kazi, na nikikosa naliacha jina bila namba, liko peke yake, halijadai kitu.

Na majina yenyewe hayafanani na ya Wafaransa. Marehemu alikuwa anaandikiana na watu Cairo, Tunis, Fes, na orodha ya zamani iliyopigwa taipu na mtu aliyetangulia ilikuwa imewapanga wote chini ya herufi B, Ben huyu, Bin yule, kama vile Bin ni ukoo mmoja mkubwa uliotapakaa dunia nzima. Mi nimezaliwa pwani, najua bin ni mwana wa, jina la mtu linaanza na lake mwenyewe halafu la baba halafu la babu. Wengine kwao Ben imeshakuwa sehemu ya jina la ukoo kweli, Tunisia na Algeria hasa, kwa hiyo huwezi kuwapanga wote kwa kanuni moja, inabidi umsome kila mmoja anavyojisaini mwenyewe. Nilitumia karibu wiki mbili kwenye hiyo B. Bosi aliniuliza kwa upole mbona hesabu ya rekodi imeshuka, nikamwonyesha, akaelewa.

Tarehe nazo. Watu wa zamani walikuwa wanaandika "Jumanne jioni" basi, wamemaliza. Hapo ndo nilijifunza kupenda bahasha, maana muhuri wa posta una tarehe, na zile barua za bomba zina mpaka saa. Paris ilikuwa na mabomba chini ya ardhi yanasukuma barua kwa upepo kutoka posta moja kwenda nyingine, yalifungwa 1984, kwa hiyo unaweza kujua mtu alimwandikia mwenzake saa nne na akajibiwa mchana huohuo. Bahasha ikiwa imepotea unahesabu kalenda, barua ya "Jumanne 12 Machi" kati ya 1950 na 1970 inaweza kuwa ya 1957, 1963 au 1968 tu, na kama ndani anamshukuru kwa kumkaribisha kwenye nyumba mpya, na faili la nyumba linaonyesha walihamia 1962, basi una 1963, unaiweka kwenye mabano ya mraba ili anayesoma ajue hiyo tarehe umeitoa wewe, haimo kwenye karatasi. Yale mabano nayaheshimu sana. Yanatenganisha alichosema marehemu na nilichosema mimi.

Kuna mambo nimeyasoma sitayaingiza popote. Ugonjwa wa mke wake, barua ya kumkataa mtu aliyeomba nafasi ya ualimu na sababu zake. Kwa nyaraka za umma sheria ya Ufaransa inafunga mambo ya maisha binafsi miaka 50, za watu binafsi mnakubaliana na familia, na rekodi unaiandika kwa juujuu tu, "barua za kifamilia", unafunga.

Sasa nije kwenye boksi la 31, maana hili ndilo nililokuwa nataka kusimulia tangu mwanzo.

Ndani kulikuwa na bahasha kubwa mpya imeandikwa "Kairouan", na orodha ya zamani inasema "Kairouan, msikiti na mabirika". Picha kama 40 nyeusi na nyeupe, nyuma kwa penseli herufi na namba, nyingi K na namba, 14 zina K.K. Kairouan ni mji wa Tunisia wenye msikiti mkongwe na mabirika makubwa ya maji ya karne ya 9, marehemu aliandika mengi kuhusu mji huo, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza, na mi nisingejiuliza, nilikuwa nazigeuza moja moja nahesabu tu. Ya tisa au ya kumi nikaganda. Birika la mawe, dogo, limechimbwa chini, lina pande nane na kila upande umeingia ndani kama kijichumba. Ukingoni kasimama mwanamume, kanzu na kofia, kivuli chake kifupi kabisa, mchana wa jua. Nyuma yake kuta zilizobomoka na vichaka. Birika kubwa la Kairouan upana wake unazidi mita 120, mtu akisimama ukingoni utamwona kama sisimizi, hapa mtu alikuwa ndo kipimo, angeweza kuongea na mwenzake wa upande wa pili bila kupaza sauti. Na yale mawe. Yale ni mawe ya matumbawe, mi nimekua nayaona, yana vitundu vitundu kama mkate wa kumimina.

Nilizaliwa Kilwa Masoko. Darasa la sita mwalimu wa historia alituvusha na boti mpaka Kisiwani, tukaona Msikiti Mkuu, afu tukatembea juani mpaka Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, na tukakaa kwenye ukingo wa birika hilohilo tukila mihogo ya kukaanga. K.K. Kilwa Kisiwani.

Nikaenda mbio kwa yule mama. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini, una uhakika au unatamani iwe hivyo? Sikuwa na jibu. Kuzaliwa mahali hakukufanyi ushahidi, na nilishamleta mtu na treni bure kutoka Lyon.

Jioni nikampigia mjomba, ana boti ya kuvusha watu kwenda Kisiwani. Picha sikumtumia, hakimiliki ya mpigaji inadumu miaka 70 baada ya kifo chake na ruhusa hatukuwa nayo, nikamweleza kwa mdomo tu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, hujambo huko kwenye baridi?"

Nikamweleza birika, pande nane, kila upande umeingia ndani, na kwenye picha nyingine kuna ngazi zinashuka kuelekea majini.

"Hiyo si Husuni hiyo? Unapanda kutoka pwani na hizo ngazi, hata wageni wangu nawashushia hapo maji yakijaa. Nani kakupa picha ya kwetu?"

Nikafurahi lakini bado halikuwa jambo la kuandika kwenye databesi. Kesho yake nikachukua ripoti ya uchimbaji wa Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 50, ripoti ilitoka 1974, nikalinganisha ramani na picha, birika likakubali, ngazi zikakubali. Na picha tatu zikaonyesha nguzo na kuba za Msikiti Mkuu. Lakini je, marehemu mwenyewe alifika? Au alipewa picha na mtu? Kwa sababu hiyo inabadilisha nani anaandikwa kama mpigaji. Kwenye madaftari yake ya safari hakuna Kilwa, kuna pengo, daftari la 1968 limekatwa kurasa.

Nilikaa na swali hilo siku tatu, afu nikakumbuka risiti.

Boksi la kwanza. Tiketi ya East African Airways, Nairobi kwenda Dar es Salaam, Julai 1968. Risiti ya hoteli ya Dar, usiku mbili, halafu siku tano hakuna kitu, halafu hoteli ileile tena usiku mmoja. Na risiti ya kusafisha filamu ya Paris, Agosti, nyuma yake kwa penseli ya mkono wake mwenyewe, "rola 7, 8, 9: K.K." Nikakimbilia boksi la 31 nikageuza zile picha 14, namba zinaanza na 7, na 8, na 9. Nilikaa chini. Kile kijikaratasi changu, "risiti, hazina thamani", bado kilikuwa ndani ya boksi, yule mama alikiacha humo. Nikakitoa nikakiweka kwenye droo yangu na kipo mpaka leo.

Kitu kilichonitokea baada ya hapo ndo kimenifundisha zaidi ya hata risiti. Nilitaka kuzihamisha zile picha 14, nizitoe kwenye bahasha ya Kairouan nizipe bahasha yao, faili lao, jina la kwetu juu. Niliona ni haki yao. Mama akasema hapana, subiri, nani aliziweka pamoja? Tukatazama ndani ya bahasha vizuri, chini kabisa kulikuwa na kijikaratasi cha zamani kimeshakuwa njano, mwandiko wa marehemu, neno moja tu la Kifaransa, mabirika. Jina Kairouan liliandikwa na mtu wa baadaye alipobadilisha bahasha iliyochanika. Na kwenye kadi za masomo yake, boksi la 19 ambalo nilishaliorodhesha kwa haraka miezi miwili nyuma, kulikuwa na ukurasa amechora mabirika mawili pembeni kwa pembeni, la Tunisia na la Husuni, na mishale ya maji yanavyoingia. Alikuwa anayalinganisha! Hakukosea yeye. Ningezitenganisha zile picha kwa mapenzi yangu ya nyumbani ningevunja wazo la mtu ambaye hakupata kuliandika popote pengine.

Kwa hiyo zimebaki palepale zilipokuwa. Kwenye databesi nikaliita faili jina alilolipa yeye, mabirika, chini yake matawi mawili, Kairouan na [Kilwa Kisiwani], jina la mahali likaunganishwa na faili la majina ili ukitafuta Kilwa kutoka Dar au Muscat au popote lije, K.K. nikainakili kama ilivyo bila kuifuta, nikaeleza kwa sentensi mbili tumejuaje, risiti zipi ziko boksi gani, na nikarudi boksi la 19 na la 1 nikaandika upya rekodi zake zielekeze huku. Jina Kairouan kwenye bahasha nalo nikalitaja kwamba liliongezwa baadaye, maana kuna mtu huenda alishanukuu orodha ya zamani na akija asipotee.

Ilichukua asubuhi nzima kwa mistari kama ishirini. Siku ya kwanza kazini kwa muda huo ningekuwa nimemaliza barua mia.

Kuna mstari mmoja sijaumaliza. Yule mwanamume wa kanzu ukingoni mwa birika. Kwenye picha za Kairouan marehemu ameandika nyuma majina ya watu, mlinzi fulani, imamu fulani, hapa hakuandika kitu. Nimeweka "mwanamume amesimama ukingoni, jina halikuandikwa", sikutaka kuandika mwenyeji asiyejulikana kwa sababu yeye kwao alikuwa anajulikana, mwaka 1968 si mbali, watoto wake wapo pengine. Tumeshaiomba familia ruhusa ya kutuma nakala ya hiyo picha moja kijijini. Mjomba kasema ikija ataivusha mwenyewe, kuna wazee wawili Kisiwani ataanza nao.